Saa 1,560 za riwaya moja

Ujumbe wa mrabaha uliingia kwenye simu yangu nikiwa darasani, kipindi cha pili, Kidato cha Tatu. Shilingi 456,000. Niliusoma mara mbili, nikarudisha simu mfukoni na kuendelea kufundisha ngeli. Jioni nikakaa na kalamu. Riwaya yangu, ya vibarua wa mashamba ya mkonge, ilinichukua miaka minne. Niliamka saa kumi alfajiri, siku tano za wiki, nikaandika saa moja na nusu kabla ya kuoga na kuwahi daladala. Hizo ni saa 390 kwa mwaka, saa 1,560 kwa miaka yote minne, bila kuhesabu likizo mbili zilizokwisha nikisoma prufu. Kitabu kinauzwa shilingi 12,000, mrabaha wangu ni asilimia 10, na mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 380. Ukigawanya, kila saa ya alfajiri imenilipa chini ya shilingi 300. Chapati ya mama lishe wa pale kituoni ni 500.

Hesabu hiyo naiweka mbele kwa makusudi. Haupiti muda kabla kijana hajanifuata na kaunta buku lake, kafika sura ya tatu, anataka kujua kama inafaa aendelee. Wenzangu wengi humjibu kwa maneno matamu: andika tu, kipaji hakifichiki, ipo siku. Naona kumficha hesabu ni kumdhulumu. Anayeanza riwaya ya Kiswahili leo kwa matumaini kwamba itamtoa kimaisha amegonga mlango usio wake. Namwambia hivyo, na bado namwambia aendelee, kwa sababu ambayo ilinichukua muda mrefu kuifahamu.

Kwanza tuimalize habari ya fedha. Mchapishaji wangu hakuniibia. Nakala 1,000 ni toleo dogo, na toleo likiwa dogo kila nakala inakuwa ghali kuichapa. Duka nalo linataka punguzo lake, hayo maduka yenyewe yanahesabika, na kutoka hapa Tanga msomaji wa Lushoto au Pangani hana pa kukiona kitabu changu. Inabidi nimtumie kwa basi, alipe kifurushi, amngoje kondakta barabarani. Kabla ya mchapishaji huyu palikuwa na mwingine, aliyekaa na mswada wangu miaka miwili bila neno. Nilipofunga safari kwenda kuuliza, nikaambiwa hauonekani. Nilirudi nyumbani nikaanza kuuchapa upya kutoka kwenye madaftari. Saa hizo sikuziweka katika hesabu ya juu.

Halafu kuna kivuli. Mwaka jana niliingia steshenari moja kutoa nakala za mtihani, nikakuta kitabu changu juu ya kaunta. Kilikuwa karatasi za A4, kurasa mbili mbili kwa kila karatasi, zimebanwa kwa ile waya ya plastiki, na jalada limetoka jeusi tupu, jina langu halisomeki. Bei 4,000. Nilimuuliza dada wa mashine nani wanaagiza, akasema wanachuo, wanachukua hata kumi kwa mkupuo. Nilizifunua kurasa. Mwenye nakala ya awali alikuwa amepigia mstari sentensi tatu katika ukurasa wa 87, na mstari ule ulikuwa umetokea kwenye kila kivuli. Nilikasirika, na hasira ile siijutii. Ule ni wizi, na sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Ila njiani kurudi nyumbani nilijikuta naziwaza sentensi tatu zile kuliko fedha. Nitazirudia.

Mnunuzi mmoja ndiye anayeweza kuibadilisha hesabu yote hii, naye ni shule. Nchini Kenya riwaya ikiwa kitabu teule, kila mtahiniwa wa kidato cha nne anapaswa kuisoma. Mwaka 2024 watahiniwa wa mtihani huo, KCSE, walikuwa zaidi ya 900,000, na Kiswahili kwao ni somo la lazima. Kwetu Tanzania wanafunzi husoma vitabu vilivyopata ithibati, yaani kibali cha serikali cha kutumika shuleni, na kuingia kwenye orodha ya fasihi, na kitabu kikishaingia huko hukaa miaka. Hapo ndipo mrabaha hujenga nyumba. Simlaumu mwandishi anayeutamani mlango huo. Mimi pia nina watoto.

Ninachokilaumu ni namna mlango huo unavyoingia kichwani mwa mtu kabla hajaandika neno. Nimesoma miswada mingi ya wenzangu, na mara nyingi naweza kukuonyesha kwa kidole ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya swali la mtihani. Mhusika amepewa jina la tabia yake ili mwanafunzi asihangaike. Fisadi anakamatwa katika sura ya mwisho. Msichana aliyepotoka anaugua na kujuta. Mtu mzima na mkewe wanakaa kurasa mia mbili hawajawahi kugusana. Kila sura imebeba dhamira yake kichwani kama mtu aliyebeba beseni, anatembea kwa uangalifu lisimwagike, na hajawahi kutazama pembeni. Riwaya ya namna hiyo ni kazi kubwa vilevile. Inachukua saa zilezile za alfajiri, mgongo uleule, macho yaleyale, na nafasi yake ya kuingia kwenye orodha bado ni finyu. Mwandishi wake amelipa gharama yote ya riwaya na hakupata riwaya.

Nazungumza kama mtu aliyefanya kosa hilo. Katika rasimu yangu ya kwanza palikuwa na sura ya mwanamke wa kambi ya vibarua, mpika pombe, ambaye wanaume wa mkonge walikuwa wakimwendea usiku kwa fedha. Nilimwandika vizuri. Kisha nikawaza ithibati, nikaifuta sura nzima. Riwaya ikabaki na kambi ya wanaume mia kadhaa waliotoka mbali bila wake zao, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba ana mwili. Ulikuwa uongo, nami niliujua kila nilipousoma.

Kilichonirudisha ni kumbukumbu ya riwaya ya Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 30. Aliandika habari za binti wa Namagondo, Ukerewe, aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na yaliyompata alipofika mahali ambapo jicho la baba halikufika. Aliandika bila kuyazungushia majani yale ambayo watu waliyajua na hawakuyasema, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kinasomwa na kubishaniwa. Najiuliza ingekuwaje kama angeianza kazi ile kwa kuuliza mtaala unataka nini. Ile sura ya mpika pombe niliiandika tena, mara hii ndefu zaidi.

Kuna vijana ambao wameupita mlango wa shule kabisa. Wanaandika hadithi za mfululizo kwenye simu, sehemu moja kila siku, na msomaji hutuma shilingi chache kwa M-Pesa ili apate sehemu inayofuata. Nawaheshimu, na wako walionizidi kipato mara nyingi. Wanaendeleza desturi ya zamani, kwani hadithi za magazetini zilitulea sisi wengi. Ila mfululizo unataka kila sehemu ikatike mahali pa roho mkononi. Huwezi kumwomba msomaji alipie sehemu ambayo mtu amekaa barazani anamsubiri mtu asiyekuja. Nami kitabu changu kina sura nne za namna hiyo.

Tuzo zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10. Ni jambo jema sana na lije kila mwaka. Mtu hapangi ada ya watoto kwa kutegemea tuzo.

Faraja inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni kwamba utakumbukwa. Sisi wa Tanga tunaisikia zaidi, kwa sababu Shaaban Robert ni wa kwetu. Alitumikia ukarani serikalini miaka mingi, akiandika nje ya saa za kazi, na akafa mwaka 1962. Kufikirika ilitoka 1967. Utubora Mkulima ilitoka 1968. Hakuzishika mkononi. Wanafunzi wamekuwa wakijibu mitihani juu ya Kufikirika, na watu husimulia jambo hilo kama habari njema kwa kila mwandishi anayehangaika. Mimi huniuma. Mtu aliyefariki hanufaiki na kusomwa kwake, na mjane wake hakuhitaji kuambiwa kwamba miaka ijayo kitabu kitakuwa mashuhuri. Tena, kwa kila mswada uliookolewa, ipo iliyopotea. Namfahamu mwalimu mstaafu, sasa marehemu, ambaye wanawe walifungua sanduku lake la bati siku ya arobaini wakakuta madaftari manane ya riwaya. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Walinipa nisome kilichobaki. Sura ya kwanza nzima, nusu ya pili, halafu vumbi. Ilikuwa inaanza vizuri sana.

Kwa hiyo fedha hazipo, na ukumbusho hauna uhakika. Sasa niseme kwa nini bado naamka saa kumi.

Riwaya yangu inahusu manamba, vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kutoka Kigoma, Rukwa, Burundi, Msumbiji na kwingineko. Kabla ya kuandika nilijiona naijua habari hii. Nilikuwa naifundisha. Mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani 230,000 hivi kwa mwaka. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua, Silabu, mwaka 1944. Kibarua alipewa kipande, kadi ya kazi yenye siku 30, na asipoimaliza ngwe yake, yaani kipimo cha kazi ya siku, siku ile haikuhesabiwa. Walipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Hayo yote unaweza kuyaandika ubaoni kwa dakika ishirini, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia.

Sura ya kwanza ilinikwamisha kwa jambo dogo. Mhusika wangu anaamka kambini, bado giza, anakwenda shambani. Amevaa nini miguuni? Sikujua. Majani ya mkonge yana mwiba mweusi kwenye ncha na utomvu wake unawasha, kwa hiyo swali halikuwa la mapambo. Nilikwenda kumtafuta mzee mmoja, upande wa Muheza, aliyekuja kutoka Kasulu, Kigoma, mwaka 1953. Nilidhani nitakaa naye mchana mmoja. Nilimwendea kwa miaka mitatu.

Riwaya ndiyo iliyokuwa ikinituma. Kila sura ilikwama kwenye kitu ambacho vitabu vya historia havikuona haja ya kukisema. Usiku, mikono ikiwasha, walifanyaje? Mzee akasema walijipaka mawese. Wenzao wakitoka likizo Kigoma walirudi na mawese kwenye chupa zilizozibwa kwa kigunzi, na kambi nzima ikanuka kwao. Korona, yaani kiwanda cha kusindika majani, ilikuwa na mlio gani? Akauiga kwa mdomo, mkewe akacheka jikoni, akasema hata usingizini huwa analia hivyo. Alipohamishiwa brashini, wanakosafisha singa, yaani nyuzi za mkonge zilizokauka, vumbi lake alikuwa akilikohoa rangi gani? Akaniangalia muda mrefu kabla ya kujibu. Hakuwa ameulizwa swali hilo na daktari yeyote.

Wako wanaonishauri niandike kwa Kiingereza, milango iko wazi zaidi. Wanaweza kuwa na haki juu ya milango. Lakini manamba, kipande, korona na ngwe ni maneno yaliyopata maana zake za mkonge kambini mle, katika Kiswahili ambacho watu wa makabila mengi walikitumia kupangiana zamu, kukopeshana na kugombana. Kuyatoa mle ningekuwa nimebaki na tani 230,000.

Sasa zile sentensi tatu. Ni siku ya mshahara. Karani anaita namba, mhusika wangu anaitikia, anapokea, anaondoka. Nyuma yake mtu aliyetoka kijiji kimoja naye anamwita kwa jina la kwao, na mhusika wangu anaendelea kutembea. Mzee hakunisimulia kisa hicho. Sikukipanga pia. Kilikuja mwaka wa tatu, alfajiri, umeme umekatika, naandika kwa mwanga wa simu, na mkono wangu ulipofika pale nilijua ni kweli kabla sijajua ninajuaje. Miaka mitatu ya kuuliza habari za viatu na mawese ilikuwa imejikusanya mahali. Hakuna njia ya mkato ya kufika pale. Sasa kuna programu za kompyuta zinazoweza kujaza kurasa mia mbili kabla chai haijapoa, na wanafunzi wangu wananionyesha. Mimi nilihitaji zile saa, kwa sababu ndani yake nilikuwa najifunza kumwona mtu ambaye nilikuwa nimemfundisha kama takwimu kwa miaka kumi na moja.

Nilikwenda Muheza nikamsomea mzee ukurasa ule. Alikuwa anamenya muhogo. Kisu kilisimama. Akanyamaza, kisha akataja namba, tarakimu nne, polepole, kama mtu anayelipa deni. Hakuwa amewahi kunitajia. Miezi minane baadaye akafariki, kitabu kikiwa bado kwa mchapishaji.

Ndiyo maana kijana akija na kaunta buku lake simuulizi kama ana kipaji. Namuuliza ni nini kinachomsumbua ambacho hajakielewa. Akinijibu kwa mafundisho, kwamba anataka kuielimisha jamii kuhusu hili au lile, namshauri aandike makala, atamaliza Jumapili. Akinisimulia kisa kimoja kizuri chenye mwanzo na mwisho, namshauri hadithi fupi. Wako wachache wanaoanza kujibu, wakajichanganya, wakasema ni habari ya shangazi aliyeondoka, au nyumba iliyouzwa, na kwamba hawaelewi kwa nini alifanya vile. Hao nawaambia warudi nyumbani waendelee, na wasiache kazi yao ya mchana.

Mwezi uliopita, baada ya vipindi, mlinzi aliniita getini. Alikuwa binti wa yule mzee, mama wa makamo. Nilimwamkia, shikamoo dada, akaitikia, akatoa kwenye mfuko kitabu changu. Ni kile cha kivuli, chenye waya ya plastiki. Mwanawe yuko chuo, alimletea. Tulikaa chini ya mwembe. Alikuwa amekisoma chote, na kuja kwake kulikuwa kwa ugomvi.

"Mwalimu, kwa nini hukumrudisha kwao?"

Mhusika wangu anakufa Muheza bila kuiona tena Kasulu. Nilimweleza kwamba nilimuuliza baba yake mara nyingi kama aliwahi kurudi, na kila mara alinijibu neno moja, kwetu ni hapa. Nikadhani hakurudi.

"Alirudi," akasema. "Mara moja. Mwaka 1974, mimi sijazaliwa, mama ndiye alinisimulia. Alifika akakuta kijiji hakipo, operesheni ya vijiji vya ujamaa imepita, watu wamehamishiwa barabarani, nyumba zimepangwa mstari. Kila aliyemuuliza ni mgeni pale. Akataja jina la baba yake. Wakamuuliza, yuko kiwanja namba ngapi? Akalala stesheni ya Kigoma siku mbili anangoja treni."